Mafuta ya Uso: Yapi Uchague, Uyapake Lini, na Ufanye Nini Yakikukataa

Mtu ananawa uso, ngozi inavuta, anachukua chupa ya mafuta na kujipaka. Kwa saa mbili tatu anang'aa. Ikifika jioni ngozi inavuta vilevile, na sasa juu yake kuna utelezi. Anaamua kwamba mafuta hayafai, au anaona dawa ni kuzidisha matone. Mara nyingi kosa liko kwingine kabisa: alifunika chungu kitupu.

Mafuta hayana maji, hata tone moja. Yanalainisha ngozi na kupunguza kasi ya maji kupotea, lakini maji yenyewe lazima yawe yameshafika kwenye ngozi kabla hujapaka. Ukilishika hilo, karibu maswali yote ya nini kitangulie na nini kifuate yanajijibu.

Kwanza, kazi yenyewe

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, zimepangwa kama matofali. Kinachoyashika matofali hayo ni mchanganyiko wa mafuta ya asili: seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta ukiwa mzima, maji ya ndani hayapotei haraka na vitu vya nje haviingii ovyo. Maji ya moto, sabuni kali, kusugua kwa nguvu na dawa nyingi za chunusi kwa wakati mmoja huutoboa. Hapo ndipo ngozi huanza kuvuta, kuwasha, kubabuka, na kuchoma hata ukipaka losheni ambayo jana haikuwa na shida.

Mafuta ya kupaka huingia kwenye mianya ya juu, hulaza magamba yaliyosimama, na huweka utando mwembamba. Vaselini hufunika kuliko mafuta yoyote ya mimea. Mafuta ya mimea ni mfuniko uliolegea kidogo, na kwa uso wa watu wengi kulegea huko ni afadhali.

Kuna mambo ambayo hayafanyi. Hayapunguzi ukubwa wa vitundu vya ngozi, hayaondoi mikunjo iliyokwisha kuzama, na hayakingi jua hata kama chupa inadokeza hivyo. Yakiahidi kukung'arisha rangi ndani ya siku chache, yaache dukani. Vipodozi vya kujichubua vimekutwa mara nyingi na zebaki, haidrokwinoni na steroidi, ambazo nyingine hazitajwi kabisa kwenye kibandiko. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kuhusu zebaki uliviweka vipodozi vyenye zebaki miongoni mwa bidhaa za kuondolewa sokoni, na bado vinauzwa.

Hatua ya 1: Isome ngozi yako kabla ya kununua

Nawa uso kwa sabuni laini, ujifute, usipake kitu chochote kwa saa moja. Kisha jitazame kwenye mwanga wa mchana.

Ikivuta kila mahali na huoni mng'ao wowote, ngozi yako ni kavu, na mafuta huenda yakakusaidia sana. Ikiwa paji la uso, pua na kidevu vinang'aa huku mashavu yametulia, una ngozi mchanganyiko: paka mashavuni tu, hakuna sheria inayokulazimu kupaka uso mzima. Ikiwa inang'aa kote, huhitaji mafuta. Unaweza kuyatumia ukipenda, lakini usiamini ule usemi kwamba kupaka mafuta kunaiambia ngozi iache kutoa yake. Kiasi cha mafuta ya ngozi hutawaliwa zaidi na homoni na maumbile.

Iko na hali ya nne, inayowachanganya wengi: uso unang'aa na wakati huohuo unavuta. Hiyo ni ngozi yenye mafuta iliyokosa maji, mara nyingi kwa sababu mwenyewe anaisugua na kuikausha kila siku akipigana na mng'ao. Anza kwa kubadilisha sabuni na kuweka losheni nyepesi. Mafuta yasubiri.

Wako pia wasiofaa kupaka mafuta ya mimea usoni kabisa, angalau kwa sasa. Ukiwa na magamba ya rangi ya njano pembeni mwa pua, kwenye nyusi na nyuma ya masikio, pamoja na wekundu au mabaka yaliyopauka, huenda hiyo ni mba ya usoni. Inahusiana na fangasi aitwaye Malassezia, anayeishi kwa kula mafuta. Utapaka, magamba yatalainika siku moja, halafu yatarudi na nguvu mpya. Vivyo hivyo kwa vipele vidogo vinavyolingana ukubwa, vinavyowasha, vilivyojaa kwenye paji la uso. Wengi huviita chunusi na kuvitibu kama chunusi bila mafanikio. Hivyo ni vya kumwonyesha daktari wa ngozi.

Hatua ya 2: Chagua mafuta kwa kilichomo, si kwa sifa

Hapa ndipo pa kutulia. Mafuta ya mimea yanatofautiana kwa asidi za mafuta zilizomo, na kwa ngozi ya uso mbili zina uzito kuliko nyingine: linoleiki na oleiki.

Linoleiki ni nyepesi na ni mojawapo ya malighafi ambazo ngozi hutumia kutengeneza ule ukuta wake. Watu wenye chunusi wamekutwa na kiwango kidogo cha asidi hii kwenye mafuta yanayotolewa na ngozi zao. Oleiki ni nzito zaidi na huacha hisia ya ulaini unaodumu, lakini ikiwa nyingi huvuruga mpangilio wa mafuta ya ukutani na kuuacha ukivuja.

Mfano mzuri ni zeituni. Kwa sifa, hakuna mafuta yanayoyashinda. Wengi wamelelewa wakiamini ni tiba ya ngozi kavu. Lakini oleiki ndani yake hufika kati ya asilimia 55 na 83. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watu wazima walipakwa mafuta ya zeituni mikononi kwa wiki kadhaa. Ukuta wa ngozi ulidhoofika na wekundu kidogo ukajitokeza. Mafuta ya alizeti yaliyojaribiwa pamoja nayo hayakuleta madhara hayo. Basi zeituni ibaki jikoni, hasa kwa mwenye pumu ya ngozi.

Alizeti nayo ina mtego wake. Ile ya kawaida ina linoleiki takriban asilimia 60. Iko mbegu nyingine iliyozalishwa ili mafuta yastahimili moto wa kukaangia, na oleiki yake hufikia asilimia 80. Zote mbili zinaitwa alizeti. Soma kibandiko, ukikuta maneno ya kusema ina oleiki nyingi, hiyo siyo unayoitafuta.

Kwa ngozi yenye chunusi au mafuta mengi, tazama upande wa linoleiki: mbegu za zabibu, alizeti ya kawaida, waridi-mwitu. Mafuta ya mbegu za waridi-mwitu yana linoleiki na ndugu yake linoleniki kwa wingi, na ndiyo maana huchacha upesi kuliko mengi. Kwa ngozi kavu isiyo na chunusi, unaweza kwenda katikati: argani ina oleiki kidogo zaidi ya asilimia 40 na linoleiki karibu theluthi moja, ufuta una zote mbili karibu sawa. Mlonge na mng'ong'o viko upande wa oleiki, zaidi ya asilimia 70. Ni mafuta mazuri ya mwili, ya miguu, ya ncha za nywele. Usoni mwa mtu mwenye ngozi kavu iliyokomaa huenda yakakubali, ila nisingeanza nayo.

Jojoba ni kitu cha aina yake. Kikemia si mafuta bali ni nta iliyo kimiminika, na nta za jinsi hiyo zimo pia katika mafuta ambayo ngozi ya binadamu hutoa yenyewe. Haichachi haraka, haina harufu kali, na inavumiliwa na watu wengi. Mmea wake asili yake ni jangwa la kaskazini mwa Meksiko na kusini-magharibi mwa Marekani. Karibu nayo ni skwalani (squalane kwenye kibandiko), ambayo zamani ilitokana na ini la papa na leo hutengenezwa zaidi kutokana na zeituni au miwa. Ni nyepesi mno, haina asidi za mafuta za kumlisha Malassezia, na haiozi kirahisi. Anayeniuliza aanze na nini nisipoijua ngozi yake, namtajia moja ya hizi mbili.

Na nazi? Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki. Inasaidia ngozi kavu ya mwili, hilo limepimwa na kuonekana. Usoni imewaziba wengi. Kama unaipaka usoni miaka yote na ngozi yako imetulia, endelea, hakuna wa kukubishia. Kama una chunusi na unaipaka, iache wiki sita uone.

Utakutana na orodha zinazoyapa mafuta alama kuanzia 0 hadi 5 kwa uwezo wa kuziba vitundu. Chimbuko la alama hizo ni majaribio ya miaka ya 1970 na 1980, mengi yakifanywa kwenye masikio ya sungura. Sikio la sungura huziba kirahisi kuliko uso wa mtu, na kiambato kilichojaribiwa peke yake hakifanani na bidhaa nzima. Zitumie kama tetesi.

Hatua ya 3: Kagua chupa

Kioo cheusi, cha kahawia au cha kijani iliyokolea. Mwanga, hewa na joto ndivyo vinavyoharibu mafuta, na chupa nyeupe inayokaa dirishani dukani imeshaanza kuharibika kabla hujailipia. Vitamini E ikiwa kwenye orodha, vizuri. Hupunguza kasi ya kuchacha. Yaliyokamuliwa bila moto hubaki na rangi na harufu yake ya asili, yaliyosafishwa kiwandani hupoteza vyote viwili lakini hukaa muda mrefu na huwasumbua wachache. Mwenye ngozi nyepesi kuudhika asione haya kuchukua yaliyosafishwa.

Ukubwa wa chupa unahitaji hesabu ndogo ambayo wauzaji hawaipendi. Mililita moja hutoa matone kama 20 hadi 30. Tuseme 25. Chupa ya mililita 30 ni matone 750. Ukitumia matatu kila usiku inakupeleka usiku 250, yaani zaidi ya miezi minane. Waridi-mwitu iliyofunguliwa haifai kukaa hivyo. Nunua chupa ndogo, au tumia pia mikononi na shingoni ili iishe kwa wakati. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa. Mafuta yakianza kunuka kama karanga za zamani au rangi za kuchorea, yatupe, hata kama yamebaki nusu.

Halafu kuna mafuta tete: lavenda, mchaichai, mnanaa, maganda ya ndimu. Hayo ni manukato makali yaliyokolezwa, si mafuta ya kupaka, ingawa hukaa rafu moja na chupa zinafanana. Yakipakwa bila kuzimuliwa huunguza. Baadhi ya yale ya jamii ya ndimu, yakibaki kwenye ngozi na jua likapiga, huacha malengelenge na kisha madoa meusi ya miezi. Mafuta ya uso yasiyo na harufu ya kuongezwa hayakupotezei kitu chochote.

Hatua ya 4: Jaribu pembeni

Paka tone moja sehemu moja ya ndani ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku saba hadi kumi. Wengi hujaribu usiku mmoja na kujiona wamemaliza. Mzio wa ngozi mara nyingi huchukua siku kadhaa kujitokeza. Kusipotokea kitu, hamia chini ya taya upande mmoja kwa wiki nyingine. Mwenye mzio wa karanga, lozi au ufuta ajiepushe na mafuta yake bila kujaribu.

Hatua ya 5: Upakaji wenyewe, usiku

1. Nawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Jifute kwa kugusagusa, uache uso na unyevunyevu. Usisubiri ukauke kabisa.

2. Weka vitu vya majimaji kwanza: seramu yenye gliserini au asidi ya hailuroniki, kama unayo. Kama huna, ruka.

3. Paka losheni au krimu yako ya kawaida. Hii ndiyo inayobeba maji. Mtu mwenye uwezo wa kununua kitu kimoja tu anunue losheni, mafuta yatasubiri zamu yake.

4. Ngoja dakika moja. Dondosha matone mawili hadi matatu kiganjani, sugua viganja vipate joto, kisha bonyeza usoni: mashavu, taya, shingo, mwisho kilichobaki paji la uso. Bonyeza, usisugue. Matone mawili yanaonekana kidogo mno hadi uyasambaze hivi. Ukiona uso unateleza baada ya dakika kumi, umezidisha.

5. Kaa mbali na ukingo wa macho. Mafuta husogea yenyewe ukilala na yakiingia jichoni huleta ukungu na kuwasha.

Anza usiku mmoja kati ya mitatu. Baada ya wiki mbili ongeza. Hukumu ya kweli itolewe baada ya wiki nne hadi sita, kwa sababu chunusi ya kuziba huanza chini kwa chini wiki nyingi kabla hujaiona.

Wavivu wenzangu wana njia fupi: tone moja la mafuta ndani ya losheni, kiganjani, changanya, paka. Inafanya kazi vizuri tu. Usichanganye ndani ya chupa ya losheni, maana utaharibu mchanganyiko na kihifadhi chake.

Asubuhi

Wengi hawahitaji. Ukiishi kwenye hewa kavu au ukishinda kwenye kiyoyozi, tone moja mashavuni, juu ya losheni, kisha subiri linywewe kabla ya krimu ya kukinga jua. Hiyo ya jua huwa ya mwisho siku zote. Mafuta yakipakwa juu yake huvuruga utando wake, na kuyachanganya nayo kiganjani ni vibaya zaidi: hujui tena una kinga kiasi gani.

Ukitumia retinoli (vitamini A ya kupaka) au dawa ya chunusi

Dawa ipakwe kwenye ngozi iliyokauka, tofauti na yote niliyosema hapo juu, kwa kuwa unyevu huifanya iingie haraka na kuchoma. Ipe kama dakika ishirini, kisha losheni, kisha mafuta. Ikikuchoma hata hivyo, tanguliza losheni, dawa ifuate, mafuta mwisho. Anayetumia dawa aliyoandikiwa amuulize aliyemwandikia kabla ya kuongeza kitu juu yake.

Kusafisha uso kwa mafuta

Hii ni kazi nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo mafuta yanayoifanya vizuri kuliko zote. Meikapu na krimu za jua zisizotoka kwa maji huyeyuka kwenye mafuta. Paka uso ukiwa mkavu, mikono mikavu, sugua taratibu dakika moja. Mafuta yaliyotengenezwa kwa kazi hii yana kiambato kinachoyafanya yageuke kama maziwa yakikutana na maji, na huoshwa yakatoka. Mafuta ya kawaida ya mbegu hayatoki kwa maji matupu. Yafute kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu. Katika hali zote mbili malizia kwa sabuni laini. Anayeruka sabuni na kulala na mabaki ya meikapu iliyoyeyuka asishangae.

Yakikukataa

Wekundu, kuwasha au uvimbe ndani ya siku chache: acha mara moja, osha, rudi kwenye losheni peke yake. Usijaribu mafuta mengine hadi ngozi itulie wiki mbili. Uvimbe wa midomo au macho, au kupumua kwa shida, ni dharura.

Vijipele vidogo vya rangi ya ngozi vinavyoongezeka polepole: ama mafuta yanakuziba, ama unapaka mengi. Punguza hadi tone moja kila unapopaka, kwa muda wa wiki mbili. Visipopungua, badilisha, kutoka kwenye oleiki nenda kwenye linoleiki au skwalani.

Ngozi bado inavuta ingawa unang'aa: umerudi kwenye chungu kitupu. Ongeza losheni chini, si matone juu.

Vipele vya paji la uso tu, vimejipanga karibu na mstari wa nywele: usilaumu mafuta ya uso kwanza. Madaktari wamekuwa wakieleza tangu mwaka 1970 aina ya chunusi inayotokana na pomedi na mafuta ya nywele yanayoshuka usoni. Mimi nilibadilisha chupa tatu za mafuta ya uso kabla ya kugundua kwamba mhalifu ni nilichokuwa nikijipaka kichwani kila usiku. Funga nywele, paka mafuta kuanzia sentimita mbili nyuma ya mstari wa nywele, badilisha foronya kila wiki, na uangalie paji la uso baada ya mwezi.